Pazia, Utaji na Sanda: Je, Ukweli Umekaa Nyuma ya Nguo?

Dini na falsafa nyingi huuzungumzia ukweli kana kwamba ni kitu kilichofunikwa kwa nguo, na hulichukulia tendo la kujua kana kwamba ni kuiondoa nguo hiyo. Neno "reveal", ambalo kwa Kiingereza ni la kawaida kabisa kwa maana ya kudhihirisha jambo, limebeba ndani yake neno la Kilatini velum, yaani kitambaa cha kutundika au cha kujifunika. Apokalupsis, neno la Kigiriki linaloanza kitabu cha mwisho cha Agano Jipya, ni kuondolewa kwa kifuniko. Na Biblia ya Kiswahili hukiita kitabu hicho hicho Ufunuo, kutokana na kitenzi funua, ambacho ni kinyume cha funika. Kwa kiasi fulani upatanifu huu ni kazi ya wafasiri, kwa kuwa Kilatini kilifuata Kigiriki na Kiswahili kikafuata waliotangulia, lakini mfasiri hawezi kupandikiza taswira mahali isipokubalika, na taswira ya ukweli uliofunikwa imekubalika karibu kila ilikofika. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kwamba nguo hiyo ni ya aina gani. Pazia, utaji, kiswa (kitambaa kinachoifunika Kaaba), sanda na shuka vyote ni vitambaa, ila havifanyi kazi moja, wala anayeondoa kimoja hatendi tendo lile lile analotenda anayeondoa kingine. Hoja ya insha hii ni kwamba fikra za Ulaya kuhusu ukweli ziliingia katika tatizo lisilo la lazima pale nguo hizi zilipopewa jina moja, na kwamba Kiswahili, bila kukusudia, kimehifadhi tofauti zinazolipunguza tatizo hilo kwa sehemu kubwa.

Inafaa kuanza na maneno ya Kiingereza yenyewe, kwa kuwa ndiyo yaliyowafikishia wasomi wengi wa Afrika Mashariki mjadala huu. Neno "curtain" lilipitia Kifaransa cha kale kutoka cortina ya Kilatini, ambayo kwa Warumi wa zamani ilikuwa sufuria ya duara, hasa ile ya kigoda cha miguu mitatu cha Apollo huko Delphi, kabla ya kuwa, katika Kilatini cha Kikristo, jina la mapazia ya hema ya ibada ya Waisraeli; wataalamu wengi hueleza badiliko hilo kwa kusema kwamba cortina ya pili iliundwa kwa kuiga aulaia ya Kigiriki, pazia lililopewa jina kutokana na aule, yaani ua wa nyumba. Kwa hiyo ndani ya neno hilo umo ua, mahali palipozungushiwa, wala hamna uso wa mtu. "Drape" ni kitambaa kinachokilalia kitu na kulifuata umbo lake, nalo latokana na drap ya Kifaransa, ambayo ni kitambaa tu. "Veil" ndilo lililotokana na velum. Lakini maneno mawili yenye safari ya ajabu zaidi ni "shroud" na "pall". La kwanza lilikuwa, katika Kiingereza cha kale, vazi lolote la mtu aliye hai. La pili lilitoka kwenye pallium ya Kilatini, joho la heshima, na kwa muda mrefu lilimaanisha kitambaa cha thamani. Leo yote mawili ni ya maiti: la kwanza ni sanda, la pili ni kitambaa kinachotandazwa juu ya jeneza, na matumizi yake ya kitamathali hayana furaha. Kiswahili hakikuiruhusu sanda kupita njia hiyo, kwa kuwa sanda tangu hapo ni ya maiti na hakuna anayemwambia aliye hai kwamba amependeza katika sanda yake.

Velum lenyewe lilikuwa na upana ambao "veil" haina tena. Kwa umbo hilo hilo moja Mrumi alitaja pazia la mlango, kitambaa cha kujifunika, na tanga la chombo. Na mahema makubwa ya kivuli yaliyotandazwa juu ya watazamaji katika Colosseum ya Roma yaliitwa vela, yakiendeshwa na mabaharia waliozoea kamba na matanga. Msomaji wa pwani hana haja ya kushangaa, kwa kuwa Lamu ya karne ya 19 ilikuwa na mfano wake. Wanawake wa koo za juu walipotoka nje walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichoinuliwa kwa miti na watumwa, kikiwazunguka kama chumba kinachokwenda. Na shirā' kwa Kiarabu ni tanga la chombo. Kitu hicho kimoja kilikuwa ukuta, vazi na tanga kwa pamoja, nacho kinaonyesha kwamba mipaka kati ya aina za nguo si ya asili, bali huwekwa na jamii inayozitumia. Ila kuwepo kwa kitu kinachovuka mpaka si ushahidi kwamba mpaka haupo, na ni katika maandiko matakatifu ndipo mpaka huo unapoonekana wazi.

Kitabu cha Kutoka kina nguo mbili ambazo msomaji wa haraka huzichanganya. Ya kwanza imeelezwa katika sura ya 26 nayo kwa Kiebrania ni parokhet: kitambaa cha rangi ya samawati, zambarau na nyekundu pamoja na kitani safi, kilichotariziwa makerubi, kikaning'inizwa juu ya nguzo 4 za mti wa mshita zilizofunikwa dhahabu, na kazi yake imetajwa pale pale, kwamba kitenge Patakatifu na Patakatifu pa Patakatifu. Ya pili iko katika sura ya 34 nayo ni masveh, kitambaa ambacho Musa alijitia usoni aliposhuka mlimani huku ngozi ya uso wake iking'aa. Kiebrania hakijazipa nguo hizi hata mzizi mmoja. Wafasiri Wayahudi waliohamishia Torati katika Kigiriki, katika tafsiri iitwayo Septuaginta, walishika tofauti hiyo hiyo: pazia wakaliita katapetasma, kitu kilichotandazwa, na kitambaa cha Musa wakakiita kalumma, kifuniko. Ilikuwa ni katika Kilatini cha Vulgata, Biblia ya Kanisa la Magharibi, ndipo mambo yalipokaribiana, kwa kuwa pazia la hekalu lilikuwa velum na kitambaa cha Musa kikawa velamen, neno la ukoo ule ule. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuwa makini katika sura za hema, ikiita vitambaa vya hema kwa neno moja, cha mlango kwa neno la pili na cha ndani kwa neno la tatu, lakini ilipofika kwa Musa ilirudia lile la tatu, na tangu hapo msomaji wa Kiingereza amekuwa na "veil" moja usoni pa Musa na katika hekalu la Yerusalemu. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 ilisema pazia kwa hekalu na utaji kwa Musa, na kwa hatua hiyo ikarudi, pengine bila kujua, kwenye mgawanyo wa Kiebrania.

Tofauti hii si ya msamiati peke yake. Utaji una mwenyewe: huvaliwa na mtu, husogea pamoja na mtu, na ukiondolewa kinachoonekana ni uso, yaani mtu yule yule aliyekuwapo tangu mwanzo. Pazia halina mwenyewe kwa maana hiyo. Pazia lina mahali. Lina upande wa huku na upande wa kule, na anayelipita hamvui mtu nguo, bali yeye mwenyewe anahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kuhani Mkuu aliyeingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja kwa mwaka, siku ya Upatanisho, hakumfunua Mungu. Aliingia, akatoka, na pazia likabaki likining'inia kama lilivyokuwa. Ibada yote ilitegemea pazia hilo kuwapo, kwa kuwa bila pazia pasingekuwa na ndani wala nje, na maneno "kukaribia" na "kuingia" yangekosa maana. Mtu anaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba pazia ndilo lililofanya mahali pale pawe mahali.

Historia imehifadhi tukio linaloonyesha nini hutokea pale mtu anapolichukua pazia kana kwamba ni utaji. Mwaka 63 kabla ya Kristo, jenerali wa Kirumi Pompeius aliiteka Yerusalemu akaingia mpaka ndani ya hekalu, mahali ambapo mtu wa kawaida, hata awe Myahudi, hakuruhusiwa kukanyaga. Mwanahistoria Mrumi Tacitus aliandika baadaye kwamba kutokana na tukio hilo ilijulikana kuwa ndani hapakuwa na sanamu ya mungu yeyote, na kwamba siri ile ilikuwa tupu. Kwa Mrumi aliyezoea mahekalu yenye sanamu, jambo hili lilikuwa kama mzaha: pazia lote lile, na nyuma yake hamna kitu! Kwa Myahudi halikuwa habari hata kidogo, kwa kuwa hekalu la pili halikuwahi kuwa na sanduku la agano, na Mungu wa Israeli hakuwa kitu cha kukutwa amekaa. Pompeius aliuliza swali la utaji, yaani ni nani amejificha humu, mahali palipojengwa kujibu swali la pazia, yaani mwanadamu asimame wapi. Hapa lugha ya Kiswahili ina neno ambalo Tacitus angelitamani. Tupu ni kisichokuwa na kitu ndani, na tupu ni kisichokuwa na nguo juu. Na Mswahili anayetaka kusisitiza kwamba hasemi uongo husema kwamba asemayo ni ukweli mtupu. Kirai hicho hutumika kila siku bila mtu kukifikiria, nacho kinaweka pamoja mambo mawili ambayo Pompeius alishindwa kuyaweka pamoja, kwamba kilichovuliwa kila kifuniko kinaweza kuwa kitupu kwa maana zote mbili.

Wagiriki nao walikuwa na kisa cha namna hii, kisicho cha dini bali cha sanaa, nacho kimesimuliwa na mwandishi Mrumi Plinius Mkubwa katika kitabu cha 35 cha Historia ya Maumbile. Wachoraji Zeuxis na Parrhasius walishindana. Zeuxis alichora zabibu kwa ustadi hata ndege wakazirukia. Parrhasius akaleta mchoro wa kitambaa cha kitani, na Zeuxis, akiwa bado na fahari ya ndege wake, akataka kitambaa kiondolewe ili picha ionekane. Alipogundua kwamba kitambaa ndicho picha, alikubali ameshindwa, kwa kuwa yeye aliwadanganya ndege na mwenzake amemdanganya mchoraji. Kisa hiki hufundishwa kama sifa ya uchoraji unaofanana na uhalisi, ambayo ni tafsiri dhaifu. Ndege walidanganywa na kitu, lakini Zeuxis alidanganywa na tamaa yake mwenyewe ya kilicho nyuma. Hakuna aliyemwambia kwamba ipo picha nyingine. Kitambaa kilimtosha kuamini.

Tamaa hiyo ilipata jina katika Ulaya ya karne ya 18, nalo ni utaji wa Isis. Chanzo chake ni Plutarchus, mwandishi Mgiriki wa mwishoni mwa karne ya 1 na mwanzoni mwa karne ya 2, aliyeripoti kwamba katika mji wa Sais nchini Misri ilikuwapo sanamu ya mungu mke, ambaye Wamisri walimhesabu kuwa Isis, yenye maandishi yaliyodai kuwa mungu huyo ni yote yaliyokuwapo, yaliyopo na yatakayokuwapo, na kwamba hakuna mwanadamu aliyewahi kufunua nguo yake. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliyasifu maandishi hayo katika tanbihi ya kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kutoa hukumu. Mshairi Friedrich Schiller akatunga mwaka 1795 shairi kuhusu kijana aliyeuinua utaji wa sanamu ile usiku, akakutwa asubuhi amezimia, na hakusema kamwe alichokiona. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba Plutarchus hakuandika utaji. Aliandika peplos, yaani kanzu ya mwanamke, vazi la mwili mzima, na kitenzi alichokitumia ni kile kilichozaa apokalupsis. Anayeuinua utaji huona uso. Anayeiinua kanzu ya mwanamke hufanya jambo jingine kabisa, ambalo kila lugha ina jina lake na kila mahakama ina adhabu yake. Kwa kuibadilisha kanzu kuwa utaji, wasomi wa Ujerumani waliisafisha taswira hiyo, na kuvunja heshima kukaonekana kama udadisi wa kitaaluma. Mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, katika dibaji ya mwaka 1886 ya kitabu chake kimoja, aliwacheka vijana wa Misri waliovamia mahekalu usiku, akatilia shaka kwamba ukweli hubaki vile vile ukishavuliwa nguo. Na ingawa mengi ya Nietzsche hayawezi kukubaliwa na mtu wa dini, hapa alikuwa karibu zaidi na Kigiriki cha Plutarchus kuliko waliomtangulia.

Lipo swali jingine ambalo neno "veil" hulificha, nalo ni swali la nani aliyefunikwa. Paulo, katika sura ya 3 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anaanza na kitambaa kilichokuwa usoni pa Musa, na baada ya aya chache kitambaa hicho hicho kiko juu ya mioyo ya wanaosomewa Torati. Nguo imehama kutoka kwa anayetazamwa kwenda kwa anayetazama, na uhamisho huo ndio hoja yenyewe. Kurani inafika mahali hapo hapo kwa njia yake. Neno hijabu limo ndani yake mara 7, na hakuna hata mara moja ambapo ni kitambaa cha kichwani: ni kizuizi kati ya watu wa peponi na wa motoni katika Sura Al-A'raf, ni kitenganishi ambacho Maryam alijiwekea dhidi ya watu wake, ni pazia ambalo waumini waliamriwa kusemea nyuma yake walipohitaji kitu kwa wake za Mtume, na katika Sura Ash-Shura ni kile ambacho kutoka nyuma yake Mungu husema na mwanadamu. Kitambaa cha kichwa kimetajwa kwa jina jingine, khimari, katika Sura An-Nur, na vazi la kujitanda, jilbabu, katika Sura Al-Ahzab. Hijabu ya leo madukani Kariakoo na Marikiti ni matokeo ya neno lililotoka kwenye pazia likaishia kwenye vazi, na kwa sababu hiyo si haki kukitupia Kilatini lawama zote za mchanganyiko huu. Hata hivyo, Sura Qaf inapozungumzia Siku ya Mwisho, inasema kifuniko kitakachoondolewa ni cha mwanadamu mwenyewe, na jicho lake ndilo litakalokuwa kali.

Masufi, yaani wafuasi wa njia ya tasawufi inayotafuta kumjua Mungu kwa kuusafisha moyo, walilijenga jambo hili likawa elimu kamili. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliichukua hadithi inayosema kwamba Mungu ana mapazia sabini ya nuru na giza, akaifafanua katika risala yake iitwayo Mishkat al-Anwar, yaani Shubaka la Mianga. Kwa mujibu wake Mungu hawezi kufunikwa, kwa kuwa Yeye ndiye nuru inayoonyesha kila kitu. Kila pazia ni pazia kwa kumhusu aliyezuiwa. Kutokana na hilo akawagawa watu katika waliozuiwa na giza tupu, waliozuiwa na nuru iliyochanganyika na giza, na waliozuiwa na nuru tupu, na kundi hili la mwisho ndilo linalostahili kufikiriwa sana. Mtu anaweza kukosa kuona kwa sababu ya mwanga wenyewe, kama vile mwanachuoni anavyoweza kusimama kwenye elimu yake akadhani amefika. Karibu wakati huo huo, katika karne ya 11, Ali al-Hujwiri, ambaye kaburi lake huko Lahore hutembelewa hadi leo, aliandika kwa Kiajemi kitabu kiitwacho Kashf al-Mahjub, Kufunuliwa kwa Kilichofunikwa, akatofautisha pazia ambalo ni sehemu ya asili ya mtu na haliondoki kamwe, na pazia la muda ambalo huja na kwenda.

Neno kashf katika jina la kitabu hicho limekifikia Kiswahili, na yaliyolipata njiani yanafundisha zaidi kuliko vitabu vingi. Kwa Masufi kashf ni daraja la juu la maarifa, pale moyo unapoona bila kizuizi. Kwa Waswahili kashfa ni aibu iliyowekwa hadharani, na kumkashifu mtu ni kumvunjia heshima mbele za watu. Mzizi mmoja, ila upande mmoja ni neema na upande mwingine ni dhambi ya ulimi. Isidhaniwe kwamba Waswahili walilielewa vibaya neno la Kiarabu; walilipokea na kuliweka mahali ambapo jamii yao ilikuwa na pengo, kwa kuwa funua ilikwisha kushika nafasi ya kuonyesha kwa wema, na lilitakiwa neno la kuonyesha kwa ubaya. Kiswahili kina utaratibu mzima wa vitenzi vya namna hii, unaoitwa na wanaisimu kauli ya kutendua, ambapo kiambishi kimoja hulipindua tendo: funika na funua, ficha na fichua, fumba na fumbua, vaa na vua, fuma na fumua. Kisha iko umba, kazi ya Muumba na ya mfinyanzi, na kinyume chake umbua, ambacho ni kumtoa mtu umbo, na kwa matumizi ya kila siku ni kuidhihirisha siri yake akaaibika. Methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua inajua kwamba kuficha kuna madhara, na mwenzake, mficha uchi hazai, anajua hivyo hivyo. Lakini hakuna methali inayomsifu mwumbuaji.

Kinyume cha kuumbuliwa ni stara, na hapa ndipo taswira ya nguo inapopata uzito wa kimaadili ambao "veil" haikuwahi kuubeba. Stara ni nguo inayomtosha mtu, ni nyumba yenye mlango, ni madeni yasiyojulikana na jirani, ni Mungu kutozianika dhambi za mja. Na dua ya kuomba kusitiriwa husikika misikitini na makanisani pia. Ndiyo sababu maiti huoshwa nyuma ya pazia au shuka, na kwa Waislamu huvishwa sanda ya vipande 3 akiwa mwanamume na 5 akiwa mwanamke, bila kificho chochote kuhusu kilichomo. Kila aliyepo anajua ni nani aliye ndani ya sanda. Nguo hiyo haimzuii mtu kujua, inamzuia kutazama, na tofauti kati ya kujua na kutazama ndiyo ambayo falsafa ya utaji wa Isis ilishindwa kuiona. Inafaa kutaja kwa kupita kwamba Kiingereza kilipotafuta jina la huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kilirudi kwenye pallium, joho linalofunika. Nchini Tanzania huduma hiyo inaitwa tiba shufaa, kwa neno ambalo Waislamu hulitumia kwa maombezi ya Mtume Siku ya Kiama. Lugha moja ilimtandikia mgonjwa joho, nyingine ikamwekea mwombezi.

Mtu anaweza kupinga kwamba yote haya yamejengwa juu ya asili ya maneno, na asili ya neno si maana yake. Pingamizi hilo ni la haki. Mwingereza anayesema "reveal" hafikirii kitambaa, kama vile Mswahili anayesema kashfa hafikirii tasawufi. George Berkeley, askofu na mwanafalsafa wa Ireland, alikwenda mbali zaidi, akidai mwaka 1710 kwamba maneno yenyewe ndiyo pazia, na kwamba tukiliondoa tutaona mambo yalivyo. Na mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu chake cha mwaka 1921, aliifananisha lugha na nguo inayoficha umbo la fikra iliyo chini yake. Jibu la pingamizi ni kwamba hoja haihusu anachokifikiria msemaji, bali maswali anayoona ni ya lazima kuulizwa. Berkeley alipoyaita maneno pazia alidhani moja kwa moja kwamba upande wa pili upo na una mwanga, kama Zeuxis. Na kitenzi alichokitumia, "draw", kina utani ambao huenda hakuukusudia, kwa kuwa katika Kiingereza kulivuta pazia ni kulifungua na pia ni kulifunga, na ni muktadha tu unaoonyesha lipi limetendeka.

Kazi ya vitendo iliyobaki ni ya wafasiri, na mfano ulio karibu ni wa mwanafalsafa Mmarekani John Rawls. Katika A Theory of Justice, kitabu chake cha mwaka 1971, Rawls aliwataka wasomaji wawafikirie watu wanaokubaliana juu ya misingi ya jamii huku hakuna anayejua tabaka lake, kipaji chake, dini yake wala kizazi atakachozaliwa, na kutokujua huko akakuita kwa neno lile lile, "veil". Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuepuka kuchagua. Akiandika utaji wa ujinga, atakuwa amewavisha watu hao nyuso zilizofunikwa na kuwaita wajinga, na msomaji atasubiri siku watakayovuliwa waone ukweli uliokuwa ukifichwa. Rawls hakumaanisha hivyo. Kutokujua kwao kumewekwa kwa makubaliano ili asiwepo wa kujipendelea. Kunatenga mahali pa kutungia misingi na mahali pa kuishi. Na katika mpangilio wake wa hatua 4, kuanzia misingi, kisha katiba, kisha sheria, mpaka hukumu za mahakama, kunaondolewa kidogo kidogo kadiri hatua zinavyokwenda. Kitu kilichowekwa kwa makubaliano, kinachotenga mahali na mahali, na kusogezwa kwa kiasi, Kiswahili kina jina lake tangu zamani. Tafsiri sahihi ni pazia la kutojua, na wanaoandaa vitabu vya falsafa ya siasa kwa vyuo vya Afrika Mashariki wanaombwa wasiandike nyingine.